Siku tatu Kraków: anza na kalenda, ramani itafuata

Mji mkongwe wa Kraków, kusini mwa Poland, ni mdogo kwa anayetembea kwa miguu. Kutoka lango la Floriańska upande wa kaskazini hadi chini ya kilima cha Wawel ni dakika 20 bila kukimbia. Ndiyo maana wanaoharibikiwa na safari fupi hapa ni nadra kuwa wamepotea njia. Mara nyingi ni waliokwenda makumbusho ya Czartoryski kuutazama mchoro wa Leonardo da Vinci siku ya Jumatatu wakakuta mlango umefungwa, waliofika sinagogi ya Remuh Jumamosi, au waliojipeleka kiwanda cha Schindler (Mjerumani aliyeokoa Wayahudi wakati wa vita; sasa ni makumbusho) asubuhi wakaambiwa tiketi za siku hiyo zimekwisha. Kwa hiyo shika kalenda kwanza.

Jambo dogo kabla ya kuendelea: saa zote humu zimeandikwa kama utakavyozikuta kwenye ratiba za huko, kwa mtindo wa saa 24. 11:50 ni saa sita kasoro dakika kumi, mchana. Tiketi nyingi zina saa ya kuingia iliyoandikwa, na kuchanganya saa ya Kiswahili na ya Wapolandi ni kosa linaloweza kukugharimu tiketi nzima.

Siku gani ufike

Mpango unaokaa vizuri ni kufika Jumatano jioni na kuondoka Jumapili. Alhamisi uipe mji mkongwe na Wawel. Ijumaa uvuke Kazimierz, mtaa wa zamani wa Wayahudi, hadi Podgórze ng'ambo ya mto Wisła. Jumamosi ushuke mgodi wa chumvi wa Wieliczka.

Sababu ni hizi. Makumbusho ya Czartoryski na jumba la sanaa lililo juu ya Sukiennice, soko la kale la vitambaa kwenye uwanja mkuu wa mji, hufungwa Jumatatu. Remuh na sinagogi nyingine zilizo mikononi mwa jumuiya ya Wayahudi hufungwa Jumamosi, na Ijumaa hufunga mapema kwa sababu Sabato huanza jua linapozama, hivyo Kazimierz ianze asubuhi. Makanisa makubwa Jumapili asubuhi ni ya ibada: kanisa kuu la Wawel hufungulia watalii saa 12:30, na la Bikira Maria lililo kwenye uwanja mkuu saa 14:00. Wieliczka hufanya kazi karibu kila siku ya mwaka, kwa hiyo ndiyo siku ya kuchezea. Isogeze popote ratiba inapobana.

Kama ndege inakulazimisha Jumamosi hadi Jumatatu, geuza: mji mkongwe Jumamosi, Kazimierz Jumapili, Wieliczka Jumatatu. Kiwanda cha Schindler Jumatatu hakina kiingilio, lakini saa ni chache na foleni ni ya watu waliosikia neno "bure".

Angalia pia sikukuu: Mei 1 na 3, Corpus Christi (sikukuu ya Mwili wa Kristo; Alhamisi, siku 60 baada ya Pasaka), Agosti 15, Novemba 1 na 11, Desemba 24 hadi 26. Siku hizo maduka hufungwa kwa sheria na makumbusho mengi hufunga au hupunguza saa. Novemba 1 ina faida yake, lakini: jioni makaburi ya Rakowicki huwaka maelfu ya mishumaa, na kuingia ni bure.

Kuhusu msimu, Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri. Desemba kuna soko la Krismasi uwanjani, ila jua huzama karibu saa 15:40, na baridi hushuka chini ya sifuri. Kuna tatizo jingine la majira hayo ambalo matangazo ya utalii hayalisemi: moshi. Mji ulipiga marufuku kuchoma makaa ya mawe na kuni kuanzia Septemba 2019 na hewa imekuwa nzuri zaidi, lakini Kraków imekaa bondeni na vijiji jirani bado vinachoma, kwa hiyo siku zisizo na upepo moshi hutuama. Mwenye pumu asiende Januari.

Viza, kwa anayeihitaji

Poland iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya muda mfupi, na kibali cha kuishi Uingereza, Marekani au Oman hakiondoi sharti hilo. Anayeishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen kwa kibali halali anasafiri nacho pamoja na pasipoti, basi.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Usisubiri huo mwisho. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000 na ihusu nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai miezi 3 baada ya siku ya kuondoka. Poland ina balozi Dar es Salaam na Nairobi. Kosa la kawaida ni mtu kuomba viza kwenye ubalozi wa nchi atakayobadilishia ndege: omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi.

Tiketi: nini kinunuliwe kwanza

Ukishapata tarehe, nunua kwa mpangilio huu, kuanzia kinachoisha haraka:

1. Auschwitz-Birkenau, kambi ya mauaji ya Wanazi, kama utaongeza siku kwa ajili yake. Wiki kadhaa kabla, na mapema zaidi wakati wa kiangazi.
2. Kiwanda cha Schindler, kwenye tovuti ya makumbusho ya mji, Muzeum Krakowa.
3. Rynek Podziemny, makumbusho yaliyo chini ya uwanja mkuu. Ina saa ya kuingia, na baadhi ya siku hufungwa.
4. Wawel na Czartoryski, siku chache kabla.
5. Wieliczka, ambayo ni kati ya tiketi ghali za mjini na jirani, kwa sababu kila mgeni huingia na mwongozaji.

Nunua kwenye tovuti ya mahali penyewe. Wapo madalali wanaouza tiketi ileile ya Schindler kwa bei ya juu sana kwa kuongeza maneno "na mwongozaji", na kurasa zao mara nyingi hutangulia ile rasmi unapotafuta. Ukiona bei kwa euro badala ya złoty, ujue uko kwa dalali.

Fedha

Poland haitumii euro. Sarafu ni złoty, inayotamkwa "zwoti", na kwa miaka ya karibuni euro 1 imekuwa ikicheza kati ya złoty 4.2 na 4.7. Kadi hupokelewa karibu kila mahali, hata kwenye mashine za tiketi ndani ya tramu. Noti unazihitaji sokoni, vyooni na kwa wauza mikate wa barabarani. Złoty 150 hadi 200 mkononi zinatosha siku tatu.

Mtego wa kwanza uko kwenye mashine ya kutolea pesa. Itakuuliza kama unataka kutozwa kwa sarafu ya kadi yako, kwa maneno matamu ya kiwango "kilichohakikishwa". Kataa, chagua złoty kila mara, dukani pia. Mtego wa pili ni maduka ya kubadilisha fedha, yanayoitwa kantor. Tangazo la "kamisheni sifuri" halina maana, kwa sababu faida yao imekaa kwenye pengo kati ya bei ya kununua (kupno) na kuuza (sprzedaż). Wewe unawauzia euro, kwa hiyo soma kupno. Pengo likizidi senti chache za złoty kwa kila euro, toka. Uwanja wa ndege na sehemu zenye watalii wengi ndiko pengo hupanuka. Shilingi usitegemee kuibadilisha huko. Beba euro au dola.

Kufika na kuzunguka

Uwanja wa ndege wa Balice uko kilomita 11 hivi magharibi. Treni ya SKA1 hukufikisha stesheni kuu, Kraków Główny, kwa takriban dakika 20, na nauli inazunguka złoty 20. Tiketi hununuliwa kwenye mashine au kwa kondakta ndani ya treni. Reli hiyohiyo ikiendelea upande wa pili inaishia Wieliczka, kwa hiyo njia ya mgodini umeshaijua siku ya kwanza. Usiku wa manane treni hulala. Linabaki basi namba 902, au teksi ya Bolt au Uber kwenye simu. Ukipanda basi la mji, kumbuka uwanja wa ndege uko nje ya kanda I, yaani eneo la nauli ya mjini: tiketi ya kanda I pekee haitoshi, na wakaguzi wanaijua njia hiyo vizuri.

Tiketi za tramu huhesabiwa kwa dakika, si kwa umbali. Ukishapanda, kama karatasi yako haijachapwa saa, ichomeke mara moja kwenye kikasha kilicho karibu na mlango. Wengi hupigwa faini wakiwa na tiketi halali mfukoni ambayo hawakuichapa, na mkaguzi aliyevaa nguo za kawaida hasikilizi habari za ugeni. Faini ni mamia ya złoty. Kwa ukweli, anayelala karibu na katikati atapanda tramu mara tatu au nne tu, hivyo tiketi ya siku nzima mara nyingi ni hasara.

Kulala: mitaa ya Floriańska na Szewska ina kelele hadi alfajiri, na Plac Nowy huko Kazimierz vilevile. Kleparz, kaskazini tu ya mji mkongwe, ni tulivu na karibu na stesheni. Stradom iko katikati ya Wawel na Kazimierz. Majengo ni ya kale, na mengi hayana lifti. Uliza kabla ya kulipa, ukikumbuka kuwa wao huita ghorofa ya chini parter na kuanza kuhesabu moja juu yake. Chumba cha "ghorofa ya tatu" ni ngazi za kutosha kwa mwenye masanduku mawili.

Alhamisi: mji mkongwe na Wawel

Anza Wawel asubuhi kabla makundi hayajafika, halafu rudi kaskazini. Wengi hufanya kinyume, wakifuata njia ya wafalme kutoka Barbakan, ngome ya duara iliyo nje ya lango la Floriańska, na hufika kilimani 12:00 hivi pamoja na mabasi yote.

Wawel ni vitu viwili vyenye wenyewe wawili. Ngome ya kifalme ni makumbusho, imegawanywa katika njia kadhaa na kila njia ina tiketi yake. Kanisa kuu ni la kanisa, na tiketi yake huuzwa kwenye ofisi iliyo mkabala na mlango wa kanisa. Tiketi ya ngome haikuingizi kanisani. Mwenye nusu siku achague njia moja ya ngome, ile yenye mazulia ya ukutani yaliyofumwa Brussels karne ya 16, kisha kanisa. Hapo wafalme wa Poland walivishwa taji na kuzikwa. Panda mnara wa kengele ya Zygmunt, iliyosubiwa mwaka 1520 na yenye uzito wa karibu tani 13. Ngazi za mbao ni nyembamba, na sehemu moja lazima uiname, kwa hiyo begi la mgongoni liache chini. Kupiga picha ndani ya kanisa hakuruhusiwi. Ukitoka, pango la joka chini ya kilima huwa wazi takriban kuanzia mwisho wa Aprili hadi Oktoba. Sanamu ya joka iliyo nje hutema moto kweli, na watoto hawatakubali kuondoka kabla hawajauona.

Fuata mtaa wa Grodzka hadi Rynek Główny. Uwanja huu ulipimwa mwaka 1257, mji ulipopewa hati yake, na kila upande una takriban mita 200. Uwe umefika kabla ya 11:40, kwa sababu madhabahu ya Wit Stwosz ndani ya kanisa la Bikira Maria hufunguliwa 11:50. Ni kazi ya mbao iliyochongwa kati ya 1477 na 1489, na ikiwa imefungwa unaona mgongo wa milango tu. Mlango mkubwa wa mbele ni wa wanaosali. Mtalii huingia kwa mlango wa ubavuni, na tiketi haiuzwi mlangoni hapo bali kwenye jengo la ng'ambo ya kijiuwanja. Anayejipanga mlangoni bila tiketi hurudishwa, dakika zinakwenda, na 11:50 inampita.

Kila saa kamili, usiku na mchana, mzimamoto aliye zamu hupuliza tarumbeta kutoka mnara mrefu, mara nne kwa pande nne, na wimbo hukatika ghafla. Hadithi ya mji inasema mlinzi alichomwa mshale wa koo wakati wa uvamizi wa Watatari. Simama upande wa mashariki mwa uwanja, na baada ya wimbo mpungie mkono, huwa anajibu.

Mchana uwe wa Rynek Podziemny, kama umeshika saa ya kuingia, halafu Czartoryski, mtaa wa Pijarska. Humo ndimo alimo "Mwanamke mwenye kicheche", mchoro wa Leonardo da Vinci wa mwaka 1490 hivi. Nenda saa moja na nusu kabla ya kufunga. Makundi yanakuwa yameondoka. Njiani kuna Collegium Maius, jengo kongwe la chuo kikuu kilichoanzishwa 1364, alikosoma Copernicus, mtaalamu wa nyota, kuanzia 1491. Ua wake hauhitaji zaidi ya dakika kumi.

Jioni zunguka Planty, bustani ya kilomita 4 hivi iliyopandwa mahali palipokuwa na kuta za mji. Wapiga debe watakaokufuata mitaani usiku wakikualika kwenye vilabu vya "wasichana", wapite tu. Bili za humo hufikia maelfu ya złoty kwenye kadi.

Ijumaa: Kazimierz na Podgórze

Anza Remuh mara inapofunguliwa. Sinagogi ni ya karne ya 16 na makaburi yake ni ya wakati huohuo. Mwanamume hufunika kichwa, na kofia ya karatasi hutolewa mlangoni. Kofia uliyokuja nayo, hata kofia ya vito, inatosha kabisa. Stara Synagoga, mwisho wa mtaa wa Szeroka, sasa ni makumbusho ya mji na hufuata ratiba ya makumbusho.

Kula mapema Plac Nowy, kwenye jengo la duara lililo katikati, halafu uvuke mto kwa daraja la miguu la Bernatka. Hapo unaingia Podgórze. Mwezi Machi 1941 Wajerumani waliwafungia Wayahudi wapatao 15,000 katika mitaa hii michache, na Machi 13 na 14, 1943, wakaifuta geto yote, yaani eneo hilo walilowafungia. Kwenye Plac Bohaterów Getta kuna viti vikubwa vya chuma, vitupu, vilivyowekwa mwaka 2005 kuikumbusha samani iliyobaki uwanjani watu walipoondolewa. Kwenye kona ya uwanja kuna Apteka pod Orłem, duka la dawa la Tadeusz Pankiewicz, Mpolandi asiye Myahudi aliyebaki akifanya kazi ndani ya geto. Ni vyumba vidogo, saa moja inatosha, na kwa kuelewa jambo lilivyokuwa yanazidi majumba mengi makubwa. Kipande cha ukuta wa geto bado kimesimama mtaa wa Lwowska.

Kiwanda cha Schindler kiko Lipowa 4, dakika kumi kwa miguu kutoka hapo. Chukua saa ya kuingia ya 14:00 hivi na utenge saa mbili. Wengi hutoka wamevunjika moyo kwa sababu walitarajia mashine za kutengenezea sufuria na maisha ya Schindler mwenyewe. Maonyesho yanahusu Kraków yote chini ya Wanazi, 1939 hadi 1945, na Schindler ana chumba chake tu. Ukiingia ukilijua hilo, ni makumbusho bora mjini. Njia ni moja, nyembamba, yenye giza kwa makusudi, na kurudi nyuma ni vigumu.

Msomaji wa Arusha huenda ameyaona makaburi ya Wapolandi pale Tengeru. Ni vita hiyohiyo: wakimbizi wapatao 5,000, waliokuwa wamepelekwa Urusi kwa nguvu kisha wakatolewa kupitia Iran, waliishi Tengeru kuanzia 1942.

Jumamosi: Wieliczka

Panda SKA1 hadi kituo cha mwisho, Wieliczka Rynek-Kopalnia, karibu dakika 25 kutoka stesheni kuu, halafu tembea dakika chache hadi shimo la Daniłowicz. Ziara ya kawaida ina urefu wa kilomita 3 hivi, saa mbili hadi tatu, na ngazi zipatazo 800 kwa jumla. Zaidi ya 300 kati ya hizo ni za mwanzo, kwenda chini mfululizo hadi mita 64. Mwisho wake ni mita 135. Kupanda ni kwa lifti. Mwenye magoti mabovu aulizie njia maalumu kabla ya kununua, kwa sababu ukishaanza kushuka na kundi hakuna kugeuka.

Chini ni nyuzi 17 au 18 mwaka mzima. Wakati wa kiangazi beba sweta. Wakati wa baridi utalivua koti na kulibeba ziara nzima. Kikanisa cha Mtakatifu Kinga, mita 100 chini, kimechongwa chote ndani ya chumvi, pamoja na vinara vyake vya taa. Waongozaji huwa wanakuruhusu kuramba ukuta, ingawa ukifikiria ni ndimi ngapi zimetangulia, hamu inapungua.

Kosa la hapa ni kupanga kitu kingine mara tu baada ya muda wa tiketi. Foleni ya lifti inaweza kula nusu saa. Tiketi ya 10:00 ihesabu hadi 14:00 ukiwa stesheni.

Auschwitz, kama ipo siku ya nne

Usiiunganishe na Wieliczka siku moja, ingawa kampuni nyingi huuza ziara hiyo ya pamoja. Kambi iko Oświęcim, kilomita 65 hadi 70 magharibi. Basi kutoka kituo kilicho nyuma ya stesheni kuu huchukua saa moja na nusu hivi. Ziara yenye mwongozaji ni saa tatu na nusu, kambi mbili zikiwa zimeachana kilomita 3, na basi la bure kati yake. Watu kama milioni 1.1 waliuawa hapo, karibu milioni moja kati yao Wayahudi. Kiingilio ni bure, lakini kadi ya kuingia lazima ihifadhiwe mtandaoni kwa jina lako, na jina hilo lilingane na pasipoti herufi kwa herufi. Aliyeandika jina la utani hukwama mlangoni. Begi liwe dogo, la mkononi. Watoto chini ya miaka 14 haishauriwi kuwapeleka.

Chakula, hasa kwa asiyekula nguruwe

Kitimoto ni mfalme wa meza ya Kipolandi, na hujificha. Pierogi ni kama sambusa iliyochemshwa. Zile za viazi na jibini, pierogi ruskie, zinaonekana salama, lakini mara nyingi humiminiwa juu vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa: sema "bez skwarków". Żurek, supu chachu ya unga wa rai, nafaka inayofanana na ngano, huja na soseji. Smalec, kinachopakwa kwenye mkate na kuletwa bure kabla ya mlo, ni mafuta ya nguruwe matupu. Shika maneno haya: wieprzowina ni nguruwe, wołowina ng'ombe, kurczak kuku, ryba samaki, bez mięsa bila nyama. Flaki ni supu ya utumbo wa ng'ombe, na mpenzi wa supu ya asubuhi atajisikia nyumbani, ila aulize kama mchuzi haukuchanganywa.

Chakula cha bei nafuu kiko kwenye bar mleczny, migahawa ya kujihudumia iliyorithiwa kutoka enzi za ujamaa. Mlo kamili ni złoty 25 hadi 40. Unaagiza kaunta, unalipa, unasubiri jina la chakula liitwe, na ukimaliza unarudisha sahani mwenyewe dirishani. Maji yasiyo na gesi ni niegazowana.

Tahadhari moja: ukimpa mhudumu noti na kusema "dziękuję" (jenkuye), yaani asante, umemwambia abaki na chenji. Nyamaza hadi akurudishie. Bakshishi ya asilimia 10 ni ya kawaida.

Kusoma Kipolandi kwa Mswahili si kugumu kama kunavyoonekana: cz ni ch, sz ni sh, w ni v, j ni y, ł ni w. Kraków ni "Krakuf". Vyooni, pembetatu ni wanaume na duara ni wanawake. Uwe na sarafu.

Kabla ya kuondoka

Tangu 2018 sheria hufunga maduka mengi Jumapili, isipokuwa Jumapili chache za mwaka. Zawadi nunua Jumamosi. Soko la Stary Kleparz hufunga mapema siku hiyo, kwa hiyo lipitie asubuhi kabla ya treni ya Wieliczka: jibini, asali, uyoga mkavu. Jumapili utapata wazi vioski vya Żabka, stesheni, na mikokoteni ya obwarzanek, mkate wa duara wenye ufuta au chumvi. Nunua asubuhi; ikifika jioni unakuwa mgumu. Ukitoka hotelini mapema na ndege ni ya usiku, makabati ya kuhifadhia mizigo yako stesheni kuu, mlango mmoja na treni ya uwanja wa ndege.